Chumba cha Kujifunzia Umaskini

Kitanda chetu kilikuwa kimesimama katikati ya mawaridi. Watumwa wawili wa Bwana Numisio walikitua kwenye njia ya bustani wakasubiri rangi ikauke chumbani, na walikuwa wakibishana kama kunguni wamekuja nacho au wamebaki kwetu.

"Wamekuja," alisema mmoja. "Bwana kasema anataka kila kitu kama kilivyokuwa."

"Basi wewe ndiye utakayewapokea wageni."

Mimi nilikuwa nyuma yao, chungu chetu cheusi mkononi. Sikuwaambia kwamba nimezaliwa juu ya kitanda kile. Nilitazama mguu wake mmoja, ule aliouganga baba kwa kamba ya meli na kulifunga fundo kubwa la kipagazi. Nyumbani mguu ule ulikaa pembeni, gizani, na mimi nilikuwa nimeshausahau. Hapa ulikuwa juani, kati ya maua, kila apitaye anauona. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma.

Wale watumwa waligeuka wakaniona.

"Wewe ndiye mpishi wa uji?"

"Ndimi."

"Pita huko. Usikanyage maua."

Tulikuwa tukikaa Puteoli ya Italia, chini karibu na bandari, orofa ya juu kabisa ya jumba la kupanga, pale ambapo joto hupanda na maji hayapandi. Jumba lenyewe lilikuwa la Bwana Numisio, kama nusu ya mtaa ule. Baba yangu, Epafra, alikuwa mtumwa mpagazi, mbeba magunia ya ngano itokayo Misri, mpaka mgongo wake ulipokwisha na bwana wake wa zamani akamwacha huru. "Alinifungulia mlango baada ya kunivunja miguu," baba alikuwa akisema, halafu anacheka peke yake. Lakini siku ile ya kuachwa huru alivaa kofia, kama wanavyovaa wote siku hiyo, kofia ya sufu iliyopondwa ikashikana ngumu kama ngozi, na akazunguka nayo bandari nzima mpaka jua likazama. Kesho yake mama aliikata, akaishona kwenye blanketi letu la viraka, pembeni, upande wa kichwa cha baba. "Kofia utaipoteza kilabuni," alimwambia. "Hapa utaiona kila siku." Mama alipofariki, baba alizoea kukisugua kile kipande kwa kidole gumba hadi usingizi umchukue. Nilikuwa namcheka. Mzee mzima, kama mtoto na nyonyo.

Bwana Numisio naye alikuwa hapati usingizi. Alikuwa mfanyabiashara wa mchuzi wa samaki, ule wa kuchachishwa, unaonuka ufukoni na kunukia mezani. Meli zake mbili zilizama katika dhoruba moja, na ingawa zilizobaki zilikuwa nyingi, hofu ilimwingia ikakaa. Waganga walimpa hiki na kile, wapi. Mwisho akamleta nyumbani kwake mwalimu mmoja Mgiriki, Menofilo, wa wale wanafalsafa wanaoitwa Wastoiko. Menofilo akamwambia dawa si kuilinda mali, dawa ni kuizoea hasara. Kila mwezi, siku chache, akae kama mtu aliyekwisha kupoteza vyote. Alale pagumu, ale cha ovyo, avae kikuukuu. Akishaona kwamba anaweza, atakuwa ameikata hofu mzizi.

Ushauri huo ukimpa maskini atakucheka, maana mazoezi hayo anayo tele. Ukimpa tajiri, ataita fundi.

Aliita fundi. Nyuma ya bafu lake alijengewa chumba kidogo chenye dirisha baya. Akaletwa mchoraji kutoka Neapoli, bingwa wa kuchora mapazia na ndege ukutani, akachora nyufa na masizi. Haki ya miungu, masizi ya kuchora! Kisha Bwana Numisio akasema vyombo navyo viwe vya kweli, asije akajidanganya. Ndipo msimamizi wake, Trofimo, akatumwa kwetu.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi, mtungi kichwani na pumzi juu, nilidhani nimekosea orofa. Chumbani kulikuwa na kitanda kipya chenye godoro la manyoya, taa ya shaba, vyombo visivyo na kovu. Baba alikuwa amekaa juu ya godoro kama bwana harusi, anarukaruka kidogo.

"Mwanangu, kaa hapa uone! Makalio yangu hayaamini."

"Vitu vyetu viko wapi?"

"Numisio kavichukua. Kabadilisha. Kipya kwa kikuukuu, hakudai hata sarafu."

"Na blanketi la mama?"

Baba aliacha kuruka. Alinitazama, halafu akachagua kucheka.

"Limekwenda kusoma falsafa," alisema.

Trofimo alirudi kesho yake. Bwana alikuwa amejaribu uji wa mpishi wake akaukataa. Mpishi yule, maskini ya miungu, mkono wake ulikuwa haujui kutotia asali. Mzee Epafra si ana binti? Basi aje apike kama anavyopika kwao. Ndiyo nikaenda, na chungu, nikakikuta kitanda kati ya mawaridi.

Kilipoingizwa kitanda na mimi nikaingia. Sitaki kukisahau chumba kile, na hata ningetaka nisingeweza. Kilikuwa chumba chetu. Taa yetu ya udongo, kigoda chetu, blanketi letu limekunjwa vizuri kuliko tulivyowahi kulikunja. Na rafuni palikuwa na bakuli letu. Bakuli hilo lilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, mama ameuziba kwa lami. Tangu nipate akili, lilikuwa likikaa rafuni ufa ukiwa umeelekezwa ukutani, mgeni akiingia asiuone. Hatukuwahi kuambizana. Kila aliyeliosha alilirudisha hivyo. Sasa mtu alikuwa ameligeuza. Ufa ulitazama mlango, kwa sababu ufa ndio waliokuwa wameufuata.

Nilinyoosha mkono niligeuze. Trofimo akakohoa.

"Acha hivyo, binti. Bwana kapanga mwenyewe."

Sina la kumsingizia Bwana Numisio. Hakuwa mkali, hakunishika, hakunitukana. Siku za zoezi alikuja amevaa kanzu ya sufu mbaya, miguu mitupu myeupe kama samaki, akakaa kwenye kigoda akala uji wote. Aliniuliza jina.

"Nebris, bwana."

"Nebris, unajua kwamba jana nimelala? Nimelala mpaka jua likanipiga usoni. Sijalala hivyo tangu meli zizame." Macho yake yalikuwa na machozi. "Nilikuwa naogopa hiki! Miaka yote hii. Na kumbe ni hiki tu."

Alionyesha kwa kijiko: kitanda, taa, bakuli, mimi.

Nikasema, "Ndiyo, bwana." Maisha yetu yalikuwa yamepimwa yakaonekana yanavumilika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo wasemavyo. Huyu wetu alitaka kumjua, tena kwa miadi, na alikuwa amemjua akamwona hana neno. Nilirudi nyumbani na aibu nisiyojua niiweke wapi. Ningekuwa nimetukanwa ningemsimulia mtu.

Lakini nitasema na hili, kwa sababu ni kweli: maneno ya yule Mgiriki yalinisaidia. Menofilo alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu nzuri na njaa isiyokwisha, na alikuwa akifundisha hapo hapo mlangoni mimi nikikoroga. "Mvua si yako," alikuwa akisema. "Kuanua nguo ndiko kwako. Usipigane na mvua, na usiache nguo." Au: "Mali, mke, mtoto, mwili wako mwenyewe, vyote umeazimwa. Mwenye azima akija, mrudishie na uso wako ukunjuke." Niliyabeba maneno hayo hadi kisimani. Pale alikuwapo Kalibe, jirani yetu wa orofa ya pili, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kukwangua samaki.

"Nebris, mama, nasikia unakwenda kumpikia tajiri umaskini. Kwani wa kwenu umekwisha?"

Wanawake wakacheka. Zamani ningemwagia mtu maji. Siku hiyo nikajiambia: Kalibe ni mvua. Nikajaza mtungi, nikampisha, nikapanda ngazi zote moyo ukiwa umetulia kama maji ndani ya huo mtungi. Nilishangaa. Kuanzia hapo nikafanya kila siku. Ngazi ndefu, mvua. Mkate mgumu, mvua. Nikawa nafurahia vitu vidogo, jua likiingia dirishani, harufu ya mkate wa jirani, vicheko vya baba. Sijawahi kuishi vizuri kama miezi ile, na nilikuwa nimevipata vyote kwa kusikiliza mlangoni.

Baridi ikaingia, na baba akaanza kukohoa.

Godoro la manyoya lilikuwa limemshinda. "Nazama," alikuwa akisema, "kama nimetumbukia kwenye unga." Akahamia sakafuni, juu ya mkeka, na lile blanketi jipya zito. Hakulalamika. Ila akisinzia mkono wake ulikuwa ukitembea. Ulikwenda pembeni mwa blanketi, ukapapasa upindo wote, ukarudi, ukaanza tena. Siku moja asubuhi aliniuliza, bila kunitazama:

"Kile kidude changu, kipo?"

"Kidude gani, baba?"

"Ah. Basi."

Nilijua. Nikajiambia vyote tumeazimwa. Nikajiambia blanketi ni mvua. Nikamweleza na baba, kwa sauti ya Menofilo kabisa, kwamba mtu akizoea kutokuwa na kitu hakimsumbui tena. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno mazuri," alisema. "Ningeyapata wakati nina mgongo." Akakohoa. Akageukia ukuta, na mkono ukaanza tena safari yake.

Mganga wa mtaani alimsikiliza kifua, akaniita ngazini. Alisema nimpe mzee chochote anachokitaka, kwa maana ya kuwa hakuna kingine cha kumpa. Nikashuka ngazi zile nikiwa nimekata shauri. Nitaomba. Lakini kuomba kunaanza na kusema kwamba kitu kile ni chako, na mimi, miezi yote ile nikipika ndani ya chumba kile, nilikuwa sijamwambia Bwana Numisio kwamba vyombo vile ni vyetu. Kwake vilikuwa vya maskini, basi. Nilikuwa nimeona heri hivyo.

Nilimkuta na wageni. Zoezi la mwezi ule lilikuwa linaelekea mwisho, na alikuwa amewaalika marafiki waje waone. Walijaa mlangoni, wanaume wawili wenye pete na mke wa mmoja wao aliyeinua upindo wa vazi lake, na Menofilo pembeni akitafuna tende. Trofimo alinisukumia mwiko. "Pakua," alinong'ona. "Wanataka kuonja."

Nikapakua. Bakuli likapita mkono kwa mkono, ufa mbele. Mmoja aliweka ulimi akakunja uso, wote wakacheka, na Bwana Numisio akacheka nao, bila ubaya. Yule mke aligusa kitanda kwa ncha ya kidole, hapo penye kamba.

"Na unalala hapa kweli?" aliuliza.

"Kuliko ninavyolala kwingine kokote," alisema Bwana Numisio. Alikuwa amekaa kitandani, blanketi magotini. "Mnanicheka, lakini sikilizeni. Nimejifunza kwamba sihitaji kitu. Mkinipokonya nyumba hii kesho, nitasema chukueni. Na mnajua usingizi unanijia vipi? Hapa pembeni pana kipande, sijui kitu gani, kigumu kidogo. Nakisugua kwa kidole gumba. Hivi. Nasinzia kama mtoto."

"Ni kofia ya baba yangu," nilisema.

Sikuwa nimepanga kusema hapo. Wote waligeuka. Nilikuwa na mwiko mkononi na uji unadondoka sakafuni.

"Nini?" alisema Bwana Numisio.

"Kofia ya uhuru, bwana. Aliivaa siku ile moja. Mama akaishona humo. Hivi vitu ni vyetu. Kitanda hiki, bakuli hilo, vyote. Baba anaumwa, na anaitafuta. Mkono wake unaitafuta."

Yule mke aliondoa kidole kwenye kamba. Uso wangu ulikuwa unawaka. Watu wale sasa walikuwa wananitazama mimi, halafu kitanda, halafu mimi, na nilijua wanaona nini.

"Maskini," alisema Bwana Numisio, na alisema kwa huruma kabisa. "Nitampelekea daktari wangu. Nitampelekea manyoya ya bata bukini."

"Asante, bwana. Ila anataka hiyo."

Aliangalia chini. Kidole gumba chake kilikuwa bado kinasugua.

"Kesho," alisema. "Kesho, binti. Nimebakiza siku moja."

Mgeni mmoja aliangua kicheko akakizuia kwa kiganja. Menofilo aliacha kutafuna.

"Numisio," alisema polepole, "mwenye azima amekuja."

Wekundu ulianzia shingoni mwa Bwana Numisio, ukapanda mashavuni, ukafika hadi kwenye upara. Alilivuta blanketi karibu na tumbo lake. Kamwe sijawahi kuona mtu mzima akishikilia kitu namna ile.

"Nimesema kesho!"

Nikaweka mwiko chini nikatoka. Nilimwonea aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwewe. Njia nzima nilitembea nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Hakudanganya. Asubuhi Trofimo alipanda ngazi zetu na blanketi begani. Lilikuwa limefuliwa kwa dobi, linanuka kiberiti wanachofukizia nguo, limekunjwa kwa pembe nne sawa. Nilikunjua pembe ya kichwani. Pale palipokuwa na kofia palikuwa na kiraka kipya cha sufu ya zambarau, zambarau ile ya kweli wanayovaa wakubwa, kimeshonwa kwa mkono wa fundi.

Nikamtazama Trofimo. Yeye alikuwa anatazama dari.

"Alikata mwenyewe," alisema. "Kwa mkasi wa kinyozi. Mimi sina la kuongeza."

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Alilivuta kidevuni, kidole gumba kikaenda pembeni, kikafika, kikasimama.

"Hii nini?"

"Zambarau, baba."

"Zambarau? Kwetu?"

Mdomo wake ulitetemeka. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa tayari kukimbia hadi mlimani nikapige mlango wa tajiri yule kwa mawe. Nilikuwa nimeshainuka.

"Kaa," alisema baba. Na hapo ndipo alipoanza. Kilianzia tumboni, kikapita kwenye kikohozi, kikatoka kicheko. "Mwizi! Lo, mwizi! Nebris, waite watu! Humu ndani kila mtu kamwibia Numisio kitu, mbao, maji, hata vigae. Mimi Epafra ndiye pekee aliyeibiwa na Numisio!"

Nikawaita. Walipanda wote, Kalibe mbele, wakashika kile kiraka, wakakinusa, wakacheka hadi sakafu ikalia. Baba alisimulia, mimi nikaigiza. Nilikuwa hodari wa kuigiza. Niliufanya wekundu ukipanda shingoni, nikalikumbatia blanketi, nikasema, "Nimebakiza siku moja!" Kalibe alijiegemeza ukutani akilia machozi. Kicheko kile kiliniondolea aibu yote mwilini mara moja. Mafundisho ya Menofilo hayakuwahi kufanya hivyo. Kisimani nikawa mtu wa kuitwa: "Nebris, hebu tufanyie Numisio." Na mimi nawafanyia.

Baba hakufika majira ya maua. Siku zake za mwisho hakuongea, ila mkono ulikuwa bado unatembea. Kidole kilifika kwenye zambarau, kikakaa kidogo, kikaona ni laini mno, kikaondoka, kikazunguka upindo wote, kikarudi hapo hapo. Hilo sikulisimulia kisimani.

Bwana Numisio nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye kona ya madobi. Alikuwa anatembea kwa miguu, Trofimo nyuma yake. Aliniona. Mkono wake ulianza kuinuka kama wa kunisalimu, halafu ukashuka, na akageuza uso ukutani. Ukuta wenyewe haukuwa na kitu, hata tangazo. Alisimama akiutazama mpaka nikapita. Nililisimulia na hilo, na ndilo lililochekesha kuliko yote.

Miaka ikapita. Niliolewa na mtengeneza taa, tukashuka kutoka orofa ya juu hadi chumba cha chini chenye mlango wake barabarani, akafariki, nikabaki na duka. Nywele zangu zilikuwa zimeshaanza kubadilika siku nilipotoka mlangoni kuangalia maziko ya Bwana Numisio yakipita.

Yalikuwa maziko makubwa. Mbele walipita wapiga filimbi, nyuma ya jeneza wakapita watumwa aliowaacha huru kwa wosia wake, safu nzima, kila mmoja na kofia mpya ya sufu kichwani. Mwisho wa safu alikuwa Trofimo, mzee sasa, kofia imemzidi inamgusa nyusi. Aliponiona alitoka kwenye safu.

"Nebris. Nilikuwa nakutafuta."

"Hongera kwa kofia, mzee Trofimo."

Hakucheka. Aliniingiza ndani ya duka langu mwenyewe, akarudisha mlango nusu.

"Mimi ndiye niliyemwosha," alisema. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hatakiwi kusema. Lakini hiki si chake."

Alifungua kiganja. Sikukitambua mara moja kilichokuwamo. Kilikuwa kimekuwa chembamba, cheusi kwa jasho, na katikati palikuwa pamelika mpaka mwanga unapita.

"Kilikuwa mkononi mwake. Tulivifungua vidole kimoja kimoja."

"Miaka yote hii?"

"Chumbani mle hakulala tena tangu siku ile. Alimfukuza Mgiriki. Alilala kitandani kwake, na hiki. Na kila asubuhi, Nebris, kila siku iliyopambazuka, alikuwa akinipa. 'Trofimo, leo kipeleke kwa binti wa Epafra. Mwambie naona haya.' Nachukua, nafika mlangoni, ananiita. Narudi. Anasema kesho."

Nje filimbi zilikuwa zinaendelea mbali. Trofimo alirekebisha kofia yake.

"Alikuwa anajua mlivyokuwa mnamwigiza kisimani," alisema. "Watoto wa jikoni walimwigiza pia. Siku moja alisikia. Alisimama nyuma ya mlango mpaka wakamaliza."

Nilitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyeiba. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nilikuwa nakiona kile kiganja kikitaka kunisalimu kwenye kona ya madobi, na nikijua sasa kwamba huenda kilikuwa na kitu ndani yake. Nilikaa juu ya kasha la taa. Masikio yalikuwa yananichoma kama siku ile ya mawaridi, ila siku ile aibu ilikuwa ya kitanda, na kitanda mtu anaweza kukikana.

Trofimo aliniambia mrithi anabomoa kile chumba, anataka bwawa la samaki. Kama kuna kitu ninachokitaka humo, nikachukue. Kesho yake nilikwenda. Masizi ya kuchora yalikuwa yamebanduka ukutani, na chini yake palikuwa pameota ukungu mweusi wa kweli. Kitanda kilikuwa kimeliwa na mchwa. Nilichukua bakuli.

Lipo rafuni hapa dukani, na kile kipande cha kofia kimo ndani yake. Jioni huwa nakitoa nakisugua kidogo. Kidole changu kinaingia kwenye lile tundu bila shida, na siwezi kujua ni kiasi gani alilichimba baba na kiasi gani yule mwingine.

Sijambo. Asubuhi najiambia mambo ya mvua na nguo, kama nilivyojifunza mlangoni, na siku nyingi yanatosha. Nakula ninachopata, nalala nikilazwa na uchovu, sina ninayemwonea wivu. Mtu akiniuliza kama nimeridhika, nitasema nimeridhika, na sitakuwa nadanganya. Nikiwa peke yangu hapa, bakuli linakaa vyovyote.

Lakini mtu akibisha hodi, mkono wangu unafika rafuni kabla mimi sijainuka. Unalishika, unaligeuza, ufa unatazama ukuta. Kisha ndipo ninaposema karibu.